Kalamu Iliyogeuka Karamu

Nakumbuka Alhamisi moja, saa tisa na dakika ishirini alasiri, nilipoanza kupandisha mfumo endeshi wa seva ya shule yetu hapa Kimisagara kwenda toleo jipya. Nakuandikia wewe, mdogo wangu, utakayeshika ufunguo wa maabara ya kompyuta nikimaliza mwaka wa sita. Mimi naona haya kusema mbele za watu, kwa hiyo naandika.

Seva ile moja tumeigawa vyumba vitatu, kila kimoja kimefungwa peke yake, cha huku hakioni cha kule: maktaba, ratiba na kalamu. Ndani ya kalamu zilikuwamo kazi za mwisho za darasa letu zima, za kuonyeshwa wasahihishaji kesho yake.

Mfumo mpya uliwaka vizuri, ila ulitaka vyumba viandikwe upya kwenye faili la mipangilio. Nikaviandika. Maktaba ikafunguka, ratiba ikafunguka, kalamu ikakataa. Nikazima, nikawasha. Nikabadilisha ruhusa, nikagusa anwani za mtandao. Wapi!

Yvette, mwenzangu wa dawati, akachungulia. "Sha, rafiki yangu, umeua kazi zetu?"

"Hapana, iko sawa." Nilimdanganya.

Alipoondoka nikaandika amri ya kufuta chumba kizima ili nikijenge upya. Mwenye pupa hadiriki kula tamu, na mimi nilikuwa na pupa na woga pamoja. Hapo akaingia Mama Venera, fundi wetu, mtu aliyekulia Bujumbura.

"Weye, unafuta nini?"

"Chumba, Mama. Mfumo mpya umekiharibu."

"Uko na nakala pembeni?"

Nikatikisa kichwa.

"Toa mkono hapo. Mashine inasema nini? Nisomee kwa sauti."

Nilisita. Tangu mwaka wa kwanza wenzangu wananicheka kwa r na l. Mdomoni mwangu zote ni pacha. Nikanong'ona: hakuna folda ya kalamu.

"Herufi kwa herufi, mwanangu."

"K, a, r..."

Alicheka mpaka akaegemea meza. "Karamu! Umealika watu, na nani amepika?"

Kwenye faili la mipangilio nikabadilisha herufi moja, r ikawa l. Chumba kikafunguka, kazi zote zimo. Sasa hakucheka. "Mficha uchi hazai," akaniambia. "Herufi inasahihishwa. Ulichofuta bila nakala hakirudi."

Basi, mdogo wangu, baada ya kupandisha mfumo usigombane na chumba kabla hujasoma mashine inachosema, na usome kwa sauti, herufi moja moja. Kabla ya yote toa nakala ya kila chumba, mimi sikutoa. Ukikwama, ita mtu, hata kama ni mtu wa kucheka. Kicheko kinauma kidogo, halafu kinaisha. Mungu akupe macho ya kusoma na moyo wa kuuliza.

Asubuhi yake nilifika kabla ya kengele, nikatoa nakala za vyumba vyote vitatu. Kisha nikasimama mbele ya darasa, nikawaambia kilichokaribia kuzipata kazi zao, na kwamba Yvette aliniuliza nikamdanganya. R na l zilichanganyika mdomoni. Nilimaliza.