Siku Yaya Aliposema Mbele ya Wamama

Tulikimbia vita kutoka kwetu Fataki, mimi na yaya yangu, dada yangu mkubwa, akiwa na mimba yake ya kwanza. Uchungu ulimshika njiani, porini, mahali pasipo na mkunga wala hospitali. Aliteseka mpaka nikaamini anakufa mikononi mwangu. Mtoto alitoka akiwa amekwisha kufa. Tulipofika Bunia tukagundua jambo jingine: mkojo ulikuwa unamtoka wenyewe, akiwa amekaa au amelala, bila uwezo wa kuuzuia.

Tulipewa nafasi kambini, karibu na uwanja wa ndege, chini ya plastiki. Kila asubuhi yaya alifua vikwembe vyake, vile vitenge alivyojifunga, na kuvianika nyuma ya hema. Lakini harufu haikufichika. Bwana yake alisema anakwenda Bambu kuchimba dhahabu, na huko akabaki. Majirani walihamisha majiko yao. Kanisani, benchi alilokaa lilikuwa lake peke yake, na mwishowe akaacha kwenda.

Ndipo wamama wa parokia wakapata msaada kutoka kwa wanawake wa ng'ambo, fedha za afya ya wanawake waliokimbia vita. Mjumbe wa hao wa ng'ambo, mama mmoja mpole kutoka Goma, alituita sote katika ukumbi wa parokia. Nilimbembeleza yaya twende.

"Niende kufukuza watu?" aliniuliza.

Alikuja hata hivyo, akasimama mlangoni, panapopita upepo.

Mjumbe alieleza kwamba fedha zile zitalipia semina: usafi, kunawa mikono, chakula bora. Tulipiga makofi. Kisha akauliza kama kuna mwenye neno, na nikasikia sauti ya yaya nyuma yangu.

"Mama, aksanti sana. Lakini miye ninanawa kupita wamama wote wa hapa. Nikimaliza, nimelowana tena. Tangu nizae mutoto mufu, mukojo inatoka yenyewe. Hii haiko kitu ya semina. Mututafutie dokta mwenye anajua kushona pahali penye palipasuka ndani."

Niliona aibu, nikatamani kumshika mkono tuondoke. Mjumbe aliweka kalamu chini.

"Muko wangapi wenye ugonjwa hii?"

"Sijui, mama. Miye najua yangu."

Ndipo akasimama mwanamke wa kwaya, mke wa mfanyabiashara, ambaye sisi sote tulimsifu kwa manukato yake makali. Alikuwa analia. "Hata miye," akasema. "Manukato ni ya kuficha." Baada yake akasimama msichana mdogo, kisha mama mwenye mvi, kisha wengine. Hakuna aliyewacheka. Mjumbe alisema: "Basi, semina itangoja."

Haikuwa kazi rahisi. Risasi zililia mjini, barabara zikafungwa, dawa zikachelewa. Lakini wamama wa parokia hawakuacha kumsumbua mjumbe, naye hakuacha kuwasumbua waliomtuma. Mwishowe kituo kidogo cha afya kilipakwa chokaa, vitanda vikaletwa, na dokta mmoja wa upasuaji, mkimbizi kama sisi, akaanza kazi. Katika chumba cha wagonjwa yaya alilazwa kando ya mama wa kabila ambalo tuliambiwa ni adui yetu. Siku ya kwanza walitazama ukutani. Baadaye niliwakuta wanagawana bugali na sombe ya majani ya muhogo, wakimteta dokta kwa kuwakataza kutembea.

Asubuhi ile mpira wa mkojo aliowekwa baada ya kushonwa ulipoondolewa, tulingoja kando ya kitanda. Yaya alikunywa maji, akatulia. Halafu akapapasa shuka chini yake, akapapasa tena, akapiga kelele mpaka muuguzi akaja mbio.

"Ni kavu! Mudogo yangu, kuja uguse! Ni kavu!"

Niligusa. Chumba kizima kikapiga vigelegele. Yule mama wa kitanda cha pili alipiga kupita wote, ingawa yeye alikuwa bado anangoja zamu yake ya kuondolewa mpira.

Wamama wa parokia walimpa yaya kazi ya kuwapokea wagonjwa wapya. Alipita kambini, hema kwa hema, kichwa juu, akiwatafuta wanawake waliojificha. Siku moja nilimfuata. Alichuchumaa mbele ya hema lililofungwa mchana kweupe, akaita kwa sauti ambayo wote waliokuwa pale waliisikia:

"Mama, toka inje. Usione haya. Miye nilikuwa hivyo hivyo, na sasa niko muzima. Vaa, twende."

Plastiki ikafunguka.