Nguo Nyeusi za Taratibu

Kwa miaka kumi na mmoja mwanamke mmoja alitoka nyumbani kila asubuhi amevaa nyeusi tupu, suruali nyeusi, shati jeusi la mikono mirefu, soksi nyeusi, na hakuna mtu wake hata mmoja aliyekuwa amekufa.

Kazi yake ilikuwa kusogeza wanyama. Wenzake walimwita Taratibu, na jina likamkaa. Wanyama wenyewe walienea kiganjani: kalunguyeye, fuko mwenye miwani, bundi mzee na kicheche mmoja mchokozi, wote waya ndani, sponji juu ya waya, manyoya juu ya sponji. Waliishi katika msitu uliojengwa juu ya meza tatu, na mara moja kwa wiki watoto waliwaona kwenye televisheni wakitembea, wakigombana na kupatana. Kumbe hawakutembea hata kidogo. Taratibu alisogeza mguu wa kalunguyeye kiasi cha unene wa ukucha, akarudi nyuma, akapiga picha, akausogeza tena, akapiga tena. Picha kumi na mbili zilimpa mtoto wa watu sekunde moja. Siku njema ilizaa sekunde nne. Siku mbaya fuko alianguka kifudifudi katikati ya picha, na kila mtu mle ndani alijua kufunga mdomo.

Kabla ya hapo alikuwa fundi wa keki, hodari wa kufinyanga maharusi wa sukari. Siku moja mwongozaji wa kipindi alikwenda kwenye harusi ya mpwa wake, akamtazama bibi harusi wa juu ya keki zaidi ya alivyomtazama yule wa kweli. Wiki iliyofuata alimtafuta aliyemfinyanga.

Nguo nyeusi zilikuwa amri ya kazi. Taa za msituni ni kali, na mtu akisimama karibu na shati la rangi, rangi ile inaruka na kutua kwenye majani, kwenye maji, kwenye tumbo jeupe la kalunguyeye. Jicho haliioni, kamera inaiona. Wenzake walibadilisha nguo wakishafika. Taratibu aliona ni usumbufu bure kuvaa na kuvua, akawa anatoka nazo nyumbani. Uvivu ule mdogo ndio ulioleta yote haya.

Chini ya nyumba aliyopanga, kando ya ngazi, palikuwa na duka la Fundi Saa. Alifika pale miaka mitatu nyuma, mtu mpole, kioo kimebanwa jichoni, redio inaimba mezani tangu asubuhi. Lakini kila Taratibu alipokanyaga ngazi ya mwisho, Fundi Saa aliipunguza redio hadi ikanyamaza, akainuka nusu, akasalimu kwa sauti ya chini, akaketi. Jioni vivyo hivyo.

Taratibu alimpenda. Tuseme hivyo hivyo, bila kuzunguka. Alishampelekea saa tano kwa matengenezo, na zote tano zilikuwa nzima. Fundi Saa alizikagua muda mrefu, akamrudishia, akasema hazina ugonjwa. Basi. Na mtu anayezima redio yake kila unapopita, utasemaje kuhusu mtu huyo? Taratibu alisema moyoni kwamba mtu huyo amemchoka.

Jumatano moja mama mwenye nyumba alileta habari kwamba Fundi Saa anahama Jumamosi. Amepata chumba kikubwa zaidi upande wa pili wa mji. Siku hiyo mdogo wake Taratibu alikuwa amekuja kumtembelea, na waliposhuka pamoja, redio ikanyamaza kama kawaida.

"Dada," alisema yule mdogo walipofika barabarani, "huyu mtu anadhani una msiba."

"Msiba wa nani?"

"Sijui! Miaka mitatu anakuona na nyeusi, asubuhi, jioni. Mimi mwenyewe kama si ndugu yako ningekuletea rambirambi."

Taratibu alisimama pale pale, watu wakimpita huku na huku.

Alhamisi alivaa gauni la rangi ya chungwa aliloshonewa kwa harusi ya mdogo wake, nguo nyeusi akazitia kwenye mfuko. Alishuka ngazi, akakuta duka lina kufuli. Kipande cha karatasi kilisema: Narudi jioni. Aliweka mfuko chini, akachungulia kwa kioo cha dirisha, akaona saa za ukutani zote zinamwambia amechelewa, akakimbia. Mfuko ulibaki mlangoni.

Alipofika studio na mikono mitupu, angeweza kusema. Pale hapakosekani kitambaa cheusi cha mtu kujifunga. Lakini angesema, wangemuuliza gauni ni la nini, na hilo hakutaka kulijibu. Akajidanganya kwamba akirudi nyuma hatua nne badala ya mbili kabla ya kila picha, hakitaharibika kitu. Akaanza kumvusha kalunguyeye ukingoni mwa dimbwi, miwani ya fuko mkononi.

Jioni mwongozaji alikuja kutazama. Kalunguyeye alivuka vizuri ajabu, hatua yake ina wasiwasi wa mtu aliyebeba kitu cha mwenzake. Lakini dimbwi liliwaka na kuzimika, chungwa, kijivu, chungwa.

"Hapa nani kawasha moto?" aliuliza mwongozaji. Kisha akageuka, akamtazama fundi wake kuanzia shingoni hadi miguuni. "Aaa. Kuna nini leo?"

"Hakuna kitu."

"Hakuna kitu, na kinang'aa hivi?"

Hakumgombeza, na hilo liliuma zaidi. Ilibidi kurudia yote tangu hatua ya kwanza, Ijumaa na Jumamosi, kwa sababu kipindi kilikuwa kinatakiwa Jumatatu. Jumamosi ndiyo siku aliyokuwa anahama Fundi Saa. Taratibu alirudi nyumbani akijiona mjinga wa kutupwa.

Redio aliisikia tangu nje. Fundi Saa alikuwa mlangoni, mfuko mkononi, na safari hii hakuizima.

"Nimeukuta hapa," alisema. "Nilifungua kidogo nijue ni wa nani. Nisamehe." Akalitazama gauni. "Kwa hiyo umevua. Nimefurahi, kwa kweli. Miaka mitatu si mchezo. Alikuwa nani?"

"Hakuna."

"Kivipi hakuna?"

"Hakuna aliyekufa. Ni kwa sababu ya kalunguyeye."

"Kalunguyeye ndiye aliyekufa?"

Taratibu alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaeleza yote, taa, tumbo jeupe, sekunde nne kwa siku, na Fundi Saa, ambaye maisha yake yote ameyapitisha akiangalia vitu vidogo vikisogea, alielewa upesi kuliko mtu yeyote aliyewahi kuelezwa.

"Mama mwenye nyumba aliniambia umefiwa na mchumba," alisema. "Mimi nilipofiwa na mke wangu, watu walinichokonoa mapema mno, huyu ananitania, huyu ananitafutia mwingine. Nikaapa sitamfanyia mtu hivyo. Nikawa nazima redio."

"Na mimi nikajua hunitaki."

Alishtuka mwenyewe kulisikia limetoka. Lakini zilibaki siku mbili, na aliona afadhali aibu kuliko kunyamaza tena. "Zile saa nilizoleta zilikuwa nzima," alisema. "Nilizileta makusudi."

"Nilijua ni nzima. Nilidhani hutaki kukaa peke yako. Ndiyo maana nilizikagua polepole."

Jumamosi alihama kama alivyopanga, meza, redio na saa zote. Taratibu hakuwepo kumsaidia kubeba hata kiti. Alikuwa ameinama juu ya dimbwi, amevaa nyeusi, kalunguyeye yuko nusu ya safari. Saa tisa alasiri pazia la studio lilisogea, akaingia Fundi Saa ndani ya suti nyeusi. Hakuwa na nguo nyingine nyeusi. Hiyo ndiyo aliyomzikia mke wake, na tangu siku ile hakuivaa tena. Alisimama gizani bila kukohoa, akatazama sekunde mbili zikitengenezwa. Zilichukua saa tatu. Dimbwi lilibaki kijivu mwanzo hadi mwisho.

Walirudi pamoja hadi kwa Taratibu, kwa miguu. Mama mwenye nyumba alikuwa akifagia ngazi. Alimwona Taratibu na nyeusi zake, akamwona Fundi Saa na suti yake, ufagio ukamponyoka.

"Poleni, wanangu! Nani tena?"

Taratibu alimtazama Fundi Saa, akicheka, hana haraka ya kujibu. Fundi Saa alimshika mkono mbele ya mama yule, peupe kabisa.

"Mwambie sasa hivi," alisema. "Usimwachie miaka mitatu."