Siku Thelathini na Mbili za Eda ya Mamangu

Mamangu alishikwa mara ya kwanza akiwa anapindua vitumbua. Mimi nilikuwa na miaka kama minane. Askari wawili waliingia uani kwetu Likoni bila hodi, wakasema mkutano alioufanya na kina mama wenziwe haukuwa na kibali cha serikali. Alikwenda nao, karai likabaki motoni mpaka mafuta yakawaka. Akafungwa mwezi mmoja.

Mara ya pili walimshikia kwenye feri, yeye na wenziwe, kwa kupaza sauti wakitaka waliofungwa kwa siasa wafunguliwe. Mimi nilikuwa nimekaa barazani tangu adhuhuri, namngojea arudi na unga aliokwenda kununua. Alirudi baada ya miezi mitatu, viganja vimekuwa vigumu kama gome.

Majina ya wote waliokuwa naye nayakumbuka, na ya baba zao, lakini wana watoto na wajukuu hapa hapa, kwa hivyo siyaandiki.

Tangu siku hiyo ya feri hofu ilinikaa mwilini kama homa isiyotoka. Askari wa wakati ule walivaa viatu vyenye misumari. Nikisikia kishindo chao kwenye mawe ya njia, nakimbilia kushika leso ya mamangu. Mamangu akenda kisimani, namfuata. Akiingia chooni, nasimama nje.

"We mtoto," huniambia, "wadhani nitaibiwa humu?"

Nacheka, lakini sibanduki.

Kisha baba akafa. Alikuwa kuli bandarini, kifua kikamshinda. Mamangu akaingia eda, miezi minne na siku kumi, kama ilivyo ada: mjane hakai barazani, hatoki ila kwa dharura, hajipambi, na wanaume wasio maharimu hawamuoni. Mungu anisamehe, lakini katika msiba ule mimi nilipata utulivu. Mamangu yuko ndani. Haendi mikutanoni, hapandi feri. Usiku namsikia akivuta pumzi, nalala.

Lakini arobaini ya baba, ami yangu alikuja kutoka Changamwe, alikokuwa akifanya kazi ya reli. Alikaa mbele ya pazia, akasema na mamangu aliye upande wa pili.

"Shemeji, ukishikwa tena, hawa watoto nitawagawa. Binti nitamchukua mimi. Huyu mdogo ataenda kwa shangazi yake Kisauni. Wana wa ndugu yangu hawatalelewa na gereza."

Mdogo wangu alikuwa na miaka minne, na alikuwa halali mpaka anishike sikio. Usiku ule alinishika, mimi ndiye nisiyelala.

Asubuhi moja, muda baada ya hapo, nilikuwa nafagia mlangoni. Akaja askari, peke yake, mtu wa pwani hii hii kwa lafudhi yake.

"Hodi hapa."

"Karibu. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mamako yuwapi?"

"Yuko ndani. Yuko eda."

Akavua kofia. "Inna lillahi. Poleni sana. Nani, babako?"

"Naam, baba."

"Mungu amrehemu. Imebaki siku ngapi?"

Wallahi nilimjibu kama nilivyokuwa nikiwajibu watu wote. Majirani waliuliza, mashangazi waliuliza, hata muuza samaki aliuliza, wapate kujua siku ya kuja na udi na leso mpya. Nikamjibu na yeye: "Thelathini na mbili, na leo imo."

Akatoa kalamu ya risasi mfukoni, akaandika. "Haya, mwanangu. Mungu awape subira." Nilipoiona ile kalamu ndipo nilipofahamu nimefanya nini. Ufagio ulinianguka.

Sikumwambia mtu. Mimi ndiye niliyekuwa nikihesabu siku: mamangu alinipa ukindu wenye mafundo, kila alfajiri nifungue moja. Kwanza nilifurahia kazi ile. Sasa kila fundo nililigusa kama nagusa siafu. Siku moja nilitaka kuliruka, eda izidi kidogo, yule askari aje akute bado. Nikaogopa dhambi, nikalifungua. Yakabaki kumi. Yakabaki matatu. Chakula hakikupita. Mamangu akanipa maji ya mwarobaini, akidhani nina malaria.

Siku ya mwisho, alfajiri, kungwi wake alikuja na kina mama kama kumi kumwogesha na kumtoa eda. Nilikuwa nimebeba ndoo ya maji. Nilipomwona mamangu amekaa kwenye kibao, kichwa wazi, ndoo ikaniponyoka na maneno yakanitoka yote kwa pamoja: askari, kalamu, thelathini na mbili.

Mamangu akanitazama.

"Nilisikia," akasema. "Baina yangu na mlango pana pazia tu, hapana ukuta."

"Mbona hukukimbia?"

"Nikimbie eda ya babako?"

Kungwi akasema, "Basi tukuvishe buibui, tutoke sote kwa pamoja. Watajuaje nani ni nani?"

"Leo watanikosa. Kesho watakuja na lori wawachukue nyote. Mimi siendi popote. Nimemwita ami yao aje leo, na mpaka afike, niogesheni polepole."

Hazikupita dakika nyingi, mlango ukagongwa. Askari watatu, na yule wa kalamu mbele. Kungwi akatoa kichwa.

"Mwataka nini asubuhi yote hii?"

"Tumekuja kumchukua mama, kwa mikutano yake ya kabla ya eda."

"Hajaoga."

"Tutangoja."

"Ngojeni. Kuoga kwa mjane si kuoga kwa bata."

Jua likapanda. Wakamwogesha, wakamvisha leso mpya, wakamfukiza udi, wakamtia hina miguuni na mikononi, wakasema lazima ikauke. Askari kijana akapiga mlango kwa rungu. "Kuoga gani tangu alfajiri?"

"Na wewe umeoga leo?" kungwi akamjibu. "Usiseme, upepo umeshatuletea jawabu."

Kina mama wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa dirishani, mdogo wangu mapajani, na kila rungu lilipogonga niliuma leso yangu mpaka ikatoboka.

Ami alifika baada ya adhuhuri, na nguo zake za reli, jasho linamtiririka. Alipowaona askari uso ukamgeuka. Akaingia, akasimama mbele ya pazia.

"Si nilisema, shemeji?"

"Ulisema. Sasa nataka useme jengine, mbele ya hawa kina mama. Mimi nakwenda. Watoto wangu wakae pamoja, nyumba hii hii, kungwi wangu atakaa nao."

"Neno langu nimeshalitoa."

"Basi mimi sitoki. Na wale wataingia kwa kuvunja mlango wa nduguyo, nawe umesimama hapa watazama."

Kungwi akasema, kwa sauti ya chini sasa, "Mwanangu, udongo wa nduguyo haujakauka. Wawagawa wanawe kama nyama ya karamu?"

Ami akavua kofia, akajifuta uso. Akanitazama, akamtazama mdogo wangu, mkono wake uko sikioni kwangu.

"Wakae pamoja," akasema. "Kwa sasa."

"Sema tena, mimi mzee nina masikio mabovu."

"Wakae pamoja mpaka mama yao arudi!"

Mamangu akavaa buibui. Alitupita bila kutugusa, nadhani angetugusa asingetoka. Nje akanyoosha mikono, na yule askari wa kalamu akamtia pingu bila kumtazama. Hina ilikuwa bado mbichi, ikapaka chuma. Wakaenda njia ya feri, nami nikasikiliza viatu vyao mpaka nisivisikie tena.

Alipewa miezi sita. Kila Ijumaa ami alikuja kututazama, na alikuja na mkate na halua, haki yake nimpe. Lakini kila niliposikia kikohozi chake mlangoni nilimshika mdogo wangu mkono, nikamweka nyuma yangu, ndipo nikasema karibu.