Igunga Ilipokuwa Inasogea

Harufu ya matairi mapya naijua hata nikifumba macho. Juzi nilikuwa kwa fundi hapa Tabora, nimekaa kwenye benchi nikisubiri anifungie matairi ya gari langu. Jua likaupasha moto ule mpira mweusi, na mara nikawa mtoto tena, nimechuchumaa uani kwetu Chemchem, namsubiri Baba.

Baba aliendesha pikapu ya mnunuzi mmoja wa pamba kule Igunga. Mimi na Mama tulibaki Tabora kwa sababu ya shule yangu. Kila Jumamosi alikuja na vumbi hadi kwenye kope, na kifuko cha mchele chini ya kiti. Sikuwa na ndugu, na nyumba yetu ilikuwa kimya mno. Wiki nzima nilikuwa nategea mlio wa lile gari tu.

Tulikuwa na mchezo wetu. Akitoka Igunga alibonyeza kitufe, tarakimu zilizo chini ya mshale wa spidi zikarudi sifuri. Akifika, mimi ndiye niliyepanda kuzisoma. Mama alinigombeza kwamba naliamkia gari kabla ya kumwamkia baba yangu, na ilikuwa kweli. Nilitaka kwanza kujua alikuwa mbali kiasi gani.

Masika moja Baba alifunga matairi makubwa, pikapu isizame kwenye matope ya mashambani. Jumamosi ile nilisoma, nikarudia kusoma. Kilometa zilikuwa zimepungua!

"Shikamoo, Baba! Kumbe Igunga inasogea?"

"Marahaba, mwanangu." Alitaka kunieleza jambo, nikamwona. Akanitazama usoni, akaghairi. "Inasogea. Polepole tu."

Msinicheke. Nilipiga hesabu zangu kwamba ikisogea vya kutosha, Baba atalala nyumbani kila siku. Nikaanza kumwekea sahani mezani jioni, hata Jumanne. Mama aliiondoa, akaiosha ingawa ilikuwa safi.

Kiangazi yale makubwa yakaondolewa, pikapu ikafungwa matairi ya mtumba, madogo kuliko yote yaliyotangulia. Kilometa zikapanda, zikazidi hata zile za mwanzo. Na Baba akaanza kuruka Jumamosi. Siku moja Mama alikuwa akipepeta mchele kwa hasira, punje zinaruka nje ya ungo, nikamtetea Baba: "Usimlaumu, Mama. Igunga imehamia mbali."

Mama aliweka ungo chini, akanikumbatia kwa muda mrefu. Nilidhani na yeye anaihuzunikia ile barabara.

Mwishowe Baba hakuja tena. Nilipokuwa msichana mkubwa niliambiwa ana mke na watoto kule. Nilisikia, nikaelewa, lakini ile Igunga inayohamahama haikunitoka moyoni. Basi likipita Nzega kuelekea huko, nilihisi linakwenda mahali ambapo mtu hawezi kulaumiwa kwa kushindwa kurudi.

Fundi alikuwa akikaza nati ya mwisho. "Dada, haya uliyochagua ni makubwa kuliko ya zamani," akaniambia. "Ule mshale utakudanganya. Ukisoma themanini, ujue umeshaipita. Na kilometa zitasoma pungufu."

"Pungufu vipi, na barabara ni ileile?"

"Gari linaijua barabara wapi, dada? Linahesabu tairi limezunguka mara ngapi tu. Kubwa linazunguka mara chache, dogo linazunguka mara nyingi."

Nilicheka, naye akacheka, akajifuta mikono akiwa na furaha ya mtu aliyeeleweka. Kisha akanikuta nalia, akaniuliza kama bei imenishtua. Nikamwambia hapana, ni vumbi.

Kwa mara ya kwanza, na mvi zangu hizi, nilimkasirikia Baba. Nililipa, nikaingia ndani ya gari, nikabonyeza kitufe na tarakimu zikarudi sifuri. Nikakaa pale nikizitazama, injini sijaiwasha. Igunga ilikuwa palepale ilipokuwa siku zote, na Baba aliijua njia.