Jozi Kumi na Moja Mlangoni

Nimeombwa mara nyingi nisimulie habari za Mwalimu Vrbenský, na kila nilipoombwa nilisimulia. Leo sitaki. Mwalimu ana wasifu wake, ana picha yake ukutani kwenye chuo kilichomfukuza, na ana wanafunzi wa kutosha wa kumlilia. Leo namtaja mwanamke aliyekuwa akipiga deki ngazi zake.

Aliitwa Drahomíra Kubelková, mtunza jengo la ghorofa nne katika mtaa wa Židenice, mjini Brno. Alikuwa mjane, mnene, magoti yake mabovu, na ulimi wake haukujua likizo. Aliishi chini kabisa, karibu na mlango wa barabarani, pamoja na mjukuu wake Vendula. Mama yake Vendula alikwenda matembezi Austria kiangazi kimoja asirudi tena, akamwacha mtoto ana miaka saba. Enzi hizo za utawala wa kikomunisti, mtoto wa mama aliyetoroka nchi alibeba doa. Kila alikopeleka karatasi zake aliulizwa kwanza mama yuko wapi. Mwaka ninaousimulia, Vendula alikuwa na miaka kumi na minne na alitaka kitu kimoja tu duniani, shule ya uuguzi. Alikuwa akifunga bendeji hata miguu ya viti.

Mwalimu Vrbenský aliishi ghorofa ya tatu. Alifukuzwa chuoni kwa sababu aliletewa karatasi asaini kwamba amekosea, naye akasema hajakosea. Tangu hapo alikuwa akichochea makaa ya mawe kwenye tanuri la kiwanda cha kufulia nguo. Jumapili saa nane mchana, watu wakiwa wameshiba na kulala, sisi tulipanda kwake kusoma falsafa. Tulikuwa vijana kama kumi hivi, wote tumenyimwa chuo kwa sababu hii au ile. Mimi nilinyimwa kwa sababu ya baba.

Kwetu hakuna anayeingia nyumbani kwa mtu na viatu. Hilo halina mjadala. Lakini mtu mwenye akili zake, akiwa anafanya jambo la kumtia gerezani, huingia navyo mkononi akavificha nyuma ya mlango. Mwalimu alikataa. Viatu vibaki nje, vipangwe ukutani, jozi kwa jozi.

“Mwalimu, tunajificha huku tumeanika viatu nje kama nguo za kufua,” alilalamika Hynek, aliyekuwa mbishi kuliko sisi sote.

“Nani amekwambia tunajificha?” Mwalimu alijibu. “Tunasoma. Kaa chini.”

Tulidhani ni kiburi cha mzee. Wengine tulidhani anamwogopa mkewe kwa sababu ya zulia.

Jumapili moja ya mwisho wa Novemba, theluji ikiwa imeanguka tangu asubuhi, mlango uligongwa kwa mti wa deki. Tukaganda. Mwalimu akafungua, na Bi Kubelková akasimama pale na ndoo yake.

“Nimepiga deki ngazi sitini na sita,” alisema, “nyie mmeniletea theluji ya mkoa mzima wa Moravia. Mnafanya nini humu? Kama ni karata semeni ni karata.”

“Tunafikiri, mama,” alisema Mwalimu.

“Watu kumi?”

“Watu kumi.”

“Marehemu mume wangu alikuwa akifikiri peke yake, chooni, na dakika kumi zilimtosha.”

Tulicheka, na Mwalimu alicheka kuliko sisi. Akamvutia kiti karibu na mlango, naye akakaa, ndoo katikati ya miguu. Siku hiyo tulikuwa tukijadili kufikiri kifalsafa kuna maana gani, kunamfaa nini mtu anayeamka alfajiri kwenda kazini. Hynek alisema maneno marefu. Mimi nikasema marefu zaidi. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na hakuna nilichokuwa sikijui.

Bi Kubelková alitusikiliza mpaka tukachoka wenyewe, kisha akauliza, akiitazama ndoo yake:

“Mtu akifanya jambo dogo, dogo kabisa, na ni la kweli, hamsingizii mtu wala hadanganyi, anaweza kuwa anatenda baya?”

Tulimrukia kwa majibu. Mmoja alimweleza kuhusu nia, mwingine kuhusu matokeo, mimi nikamletea Wagiriki. Tulipokwisha, Mwalimu akasema polepole:

“Mama, hilo siwezi kukujibia. Nikikujibu mimi, utashuka nalo jibu langu mpaka ghorofa ya pili, halafu swali litakurudia ukiwa unapiga deki. Swali hilo ni lako. Kaa nalo.”

“Basi kazi yenu nini?” aliuliza, akainuka kwa taabu, akaondoka na ndoo yake.

Alipofunga mlango nilicheka. Nasema wazi kwamba nilicheka, na wengine wakanifuata. Sikuwahi kumwona Mwalimu amekasirika hivyo. Alisema tangu tuanze kukutana hilo ndilo swali la kwanza la kifalsafa kuulizwa chumbani mle, maana sisi tulikuwa tukiuliza vitu ambavyo vingejibiwa vyovyote vile visingetupunguzia hata usingizi. Falsafa, alisema, huanza pale mtu anapokuwa na kitu cha kupoteza kwa kulijibu swali lake. Niliandika maneno hayo kwenye daftari. Kuyaandika si kuyaelewa.

Jumapili ya pili ya Machi tulikuwa kumi na mmoja. Juu ya meza palikuwa na mihadhara ya Mwalimu, nakala zaidi ya thelathini zilizopigwa chapa usiku wa kuamkia siku hiyo. Kukutwa nazo kungemtia Mwalimu ndani miaka kadhaa, na mapafu yake, yaliyoharibiwa na vumbi la makaa, yasingemrudisha. Mara tukasikia kishindo nje, mtu anahema, kapu linakwaruza ukuta. Kisha sauti ya Bi Kubelková kwenye tundu la ufunguo:

“Polisi wako kwenye kona, garini. Nyamazeni. Mmekufa.”

Tukafa. Baada ya kama robo saa tukasikia maji yanamwagwa, deki inapita, na nyayo za wanaume zinapanda.

“Wako wapi?” aliuliza mmoja wao.

“Akina nani?”

“Wageni wa huyu.”

“Unaona viatu?”

“Sioni,” alisema yule mtu.

“Basi. Mwalimu na mkewe wameenda kwa dada yake. Na wewe umenikanyagia mahali nilipokwisha kupiga deki.”

Waligonga mara mbili. Ndani, Hynek alikuwa ameuma mkono wa koti lake. Halafu nyayo zikashuka, lakini Bi Kubelková hakushuka. Aliendelea kudeki sakafu ileile karibu saa nzima, mpaka gari lililokuwa kwenye kona likaondoka.

Viatu vyetu alikuwa amevificha kwenye ghala la chini, ndani ya sanduku la viazi. Tulishuka na soksi, naye akatugawia mmoja mmoja, hakukosea hata jozi. Alijua vyote ni vya nani. Mimi aliniambia, “Hivi vyako, binti. Kisigino cha kushoto kimelika, unatembea vibaya.” Tulimshangaa, tukasema hilo ndilo jicho la mtunza jengo. Mwalimu alishuka wa mwisho. Bi Kubelková akamshika mkono wa shati, akasema ana neno naye. Tukawaacha wawili hao kati ya viazi na makaa.

Jumapili iliyofuata Mwalimu alituambia tuingie na viatu ndani. Hakueleza.

Mwezi wa Juni Vendula alipata barua ya mistari miwili. Shule ya uuguzi haikuwa na nafasi. Wakampeleka kiwanda cha nyuzi, na huko akakaa. Habari hizo tulizisikia ngazini, tukasikitika jinsi watu wanavyosikitikia mvua ya jirani, tukapanda juu kwenda kuzungumza juu ya roho na namna ya kuitunza.

Miaka ikapita. Mwalimu alifariki mwaka mmoja kabla ya utawala ule kuanguka, na jambo hilo linaniuma mpaka leo. Sisi tulipata vyeo na vitabu. Kisa cha viatu kikawa chetu. Hynek alikisimulia redioni, mimi nikakisimulia kwa wanafunzi wangu kila mwaka: jinsi mama mmoja mpiga deki alivyowashinda polisi wa siri kwa sanduku la viazi. Wanafunzi walikuwa wakipiga makofi.

Kisha mafaili ya polisi yakafunguliwa kwa wananchi, nami nikaenda kusoma langu. Ndani mlikuwa na karatasi za daftari, mwandiko wa mtu aliyezoea kuandika orodha ya dukani. Jumapili, jozi tisa. Jumapili, jozi nane. Jumapili, jozi kumi, moja mpya, ya kike, kisigino cha kushoto kimelika. Miezi saba, kuanzia Agosti mpaka mwanzo wa Machi.

Sikulala. Asubuhi nilipanda tramu mpaka Židenice nikiwa na nakala mkobani. Nilikuwa nimekwisha kupanga maneno ya kumwambia, na mengi yalikuwa mabaya. Vendula alinifungulia. Alikuwa na miaka thelathini sasa, mikono imechanjwachanjwa na nyuzi.

“Viatu,” alisema, kama anavyoambiwa kila mgeni.

Niliingia navyo. Nilifanya makusudi. Bi Kubelková alikuwa mezani jikoni anamenya viazi, kazeeka mno, macho yameingia ndani. Aliitazama miguu yangu, halafu zile karatasi nilizomtupia mezani.

“Jozi kumi,” alisoma. “Umekuja kwa hili.”

“Ulituuza, mama.”

“Nilihesabu viatu. Yule bwana wa polisi aliniambia nihesabu tu, na Vendula atapata shule. Nikasema hesabu si dhambi. Nyie mmeviacha nje wenyewe, vipofu tu ndio wasingeviona.” Akachukua kiazi kingine. “Halafu nikaja kuwauliza, nyie watu wa kufikiri. Mkanijibu mambo ya Wagiriki.”

Nikakumbuka kicheko changu, na uso ukaniwaka moto. Lakini hasira bado ilikuwepo, nikaishikilia.

“Kwa hiyo Mwalimu alikufa hajui,” nilisema.

“Nilimwambia siku ileile, kwenye viazi. Akasema anajua tangu Septemba.”

Sikuelewa. Ikabidi anieleze kama mtoto. Vrbenský alimwona akihesabu, akaelewa ni kwa ajili ya nani. Ndipo akaifanya ile desturi ya viatu nje kuwa sheria. Kwenye viazi alimweleza alivyowaza: mama, mtu aliyebanwa aandike, afadhali aandike kinachoonekana kwa macho, kuliko kubuni au kusikiliza mlangoni, na mtoto apate shule yake. Na kuacha, ilibidi uache mwenyewe, mimi sikuwa na haki ya kukusukuma.

“Na siku ile waliniamini,” alisema, “kwa kuwa sikuwa nimewadanganya hata mara moja. Njia ya mwongo ni fupi, ndiyo, lakini huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza kwao. Ulifika.”

Nilikaa kwenye kiti bila kukaribishwa. Miezi sita Mwalimu alikuwa ametuweka rehani sote, mimi na kisigino changu, kwa ajili ya mtoto wa jirani na swali la mama yule. Sijui mpaka leo kama nimemsamehe, na sijui kama kulikuwa na cha kusamehe.

“Hakutuuliza,” nilisema. “Alituhatarisha wala hakutuuliza.”

“Na mimi nani aliniuliza?” alisema Vendula.

Alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Nikaiona mikono yake. Miaka yote niliyokisimulia kisa kile sikuwahi kulitaja jina lake, maana kilikuwa kinaishia pale sote tulipovaa viatu vyetu.

“Kama bibi angekuuliza kabla ya kuacha,” nilimwambia, “ungemwambiaje?”

Bibi yake aliacha kumenya, kisu mkononi, na nikaona kwamba swali hilo halijawahi kuulizwa ndani ya nyumba ile.

“Nilikuwa na miaka kumi na minne,” alisema Vendula. “Ningemwambia, andika, bibi.” Akamtazama bibi yake, si kwa hasira. “Ndiyo maana hakuniuliza.”

Bi Kubelková alishusha kichwa, akaendelea na viazi. Machozi yalikuwa yakimdondoka mikononi na hakuyafuta. Mimi niliinama, nikavua viatu, nikaenda kuviweka nje.