Vidole Kumi na Mafuta ya Korosho

Gereji yangu hapa Changamwe nimeijenga kwa mikono yangu, sikurithi hata spana. Na mikono hiyo niliwahi kuichoma mwenyewe, kwa makusudi, nikiwa na akili zangu timamu. Mafundi wangu huisikia habari hii nusunusu kwa watu, basi naiandika yote.

Nilikuwa na miaka kumi na minane, hamali wa kivukoni Likoni, nabeba magunia mawili pale wenzangu wanapobeba moja. Askari walitukuta nyuma ya soko, nikashikwa na misokoto miwili ya bangi mfukoni. Hakimu alinipiga faini, faini sikuwa nayo, nikafungwa, nikafyeka nyasi za serikali mwezi mzima. Nilipotoka sikuivuta tena. Lakini kituoni walikuwa wamenichovya vidole vyote kumi kwenye wino, na hilo ndilo lililonikaa rohoni, maana nilichotaka duniani ni jeshi. Kila siku niliwaona wanamaji wa kambi ya Mtongwe wakishuka feri, nguo nyeupe zimenyooshwa pasi, nami shule nilikuwa nimeishia darasa la saba. Njia nyingine sikuiona.

Miaka mitatu baadaye ikatangazwa kuwa watu wataandikwa jeshi. Vijana wakaambiana kuwa ukishapita mbio, kifua na meno, unachukuliwa alama za vidole, zinapelekwa kwa polisi, na mwenye kesi anarudi kwao. Mbio na kifua havikunitisha. Nani wa kunishinda? Wino ndio ulionikosesha usingizi.

Wenye madoa kama langu walitafuta wakubwa wa kuwasemea. Mimi nilitumia akili. Mama yangu alikuwa akikaanga na kubangua korosho, na ganda la korosho lina mafuta meusi, yakikugusa ngozi inababuka. Wanawake hujipaka majivu mikononi kujikinga, lakini miaka ikizidi majivu hayatoshi. Siku mama alipokwenda kuchukua kipande, yaani kitambulisho, nilifuatana naye. Karani alimkandamiza vidole kwenye karatasi mara nne, akaambulia madoa matupu. Nikakumbuka hayo.

Wiki moja kabla ya siku yenyewe nilikusanya maganda, nikayapasha moto, nikayakamua kwenye kifuniko cha kopo. Nikachovya kidole kimoja kimoja, bila majivu. Siku ya tatu ngozi ikaanza kutoka kama ya kiazi kilichochemshwa. Mama akauliza. Nikamwambia nilikuwa nikimsaidia kubangua alipokuwa sokoni. Alifurahi hata akaniombea dua, na hapo pekee ndipo ninapoona haya kuandika.

Uwanjani nilikuwa wa pili katika mbio. Aliyenitangulia alikimbia peku, mimi nilivaa viatu vya kuazima vilivyonibana, kwa hiyo wa kwanza nahesabu ni mimi. Kifua, meno, nyayo, yote sawa. Wakaniandika nambari mkononi kwa kalamu ya wino, nikapangwa foleni ya meza ya vidole.

Mezani alikaa sajini mmoja mnene. Alinikandamiza kidole gumba, akatazama karatasi, kisha akakigeuza kidole chenyewe.

"Wewe wabangua korosho?"

Kwa lafudhi ile nikajua ni mtu wa Kwale, kwenye mikorosho. Wa bara nisingemwogopa.

"Naam, afande. Namsaidia mama."

"Mama hajambo?"

"Hajambo, afande."

"Basi mwambie akufundishe kazi. Mamangu kabangua tangu sijazaliwa. Mbanguaji huungua gumba na hivi viwili vya kushikia. Wewe umeungua hata kidole cha mwisho, kulia na kushoto. Hizo korosho wazishika au wazipigia kinanda?"

Walio nyuma yangu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Umefuta nini, kijana?"

Nikamwambia. Mikono ilikuwa ikinichonyota, uongo mwingine sikuupata.

"Misokoto miwili?"

"Miwili, afande."

"Na kwa hiyo miwili ndiyo ukajichuna ngozi." Akageuza fomu, akanionyesha mahali kwa kidole chake. "Hapa ndipo pa kuandika kesi. Ungeandika, mkubwa angetazama umri wako na kosa lenyewe. Pengine angekupitisha, pengine asingekupitisha. Bangi ulivuta zamani. Haya ya vidole umeyafanya wiki hii, na umetufanyia sisi."

Akaipiga mstari nambari iliyo mkononi mwangu. "Nenda. Ngozi ikirudi, rudi na wewe."

Nilirudi nyumbani, nikamweleza mama kila kitu. Alinisikiliza huku akipepeta.

"Kumbe dua yangu nimemwombea mwongo," alisema. "Magunia beba, hayo ni yako. Korosho zangu usiziguse mpaka hivyo vidole viote mistari."

Kila asubuhi akanipaka mafuta ya nazi, na kila asubuhi akanitukana kidogo. Nami nilibeba magunia nikiwa nimezungushia vitambaa mikononi, na bado hakuna hamali aliyenifikia.

Mwaka uliofuata nilirudi uwanja uleule. Safari hii nilikuwa wa kwanza, na hakuna wa kubishana. Mezani palikuwa na afisa mwingine, kijana mwembamba. Kabla hajaniuliza nikaomba fomu. Mwandiko wangu haujawahi kuwa mzuri, nikaandika kwa herufi kubwa: BANGI. MISOKOTO MIWILI. MWEZI MMOJA GEREZANI. Chini yake nikaongeza: MWAKA JANA NILIUNGUZA VIDOLE NIFICHE.

Alisoma mara mbili. "Hili la mwisho fomu haikukuuliza."

"Najua, afande."

"Mbona umeliandika?"

"Sajini wa mwaka jana analijua. Nilitaka mlisikie kwangu."

Akaichukua karatasi, akaenda nayo kwa mkubwa wake aliyekaa kivulini. Walizungumza kwa muda. Mkubwa alinitazama mara moja tu, nami sikuinamisha macho. Yule kijana akarudi, akanichukua alama vidole vyote kumi, taratibu, kisha akaninyooshea mkono upande wa kushoto, kwenye mstari wa waliochukuliwa.

Wenzangu walikuwa wakiukimbilia mstari ule kana kwamba utaondoka. Mimi nilikwenda kwa hatua, kifua mbele, uwanja mzima upate kuona ni nani amechukuliwa.