Chatu wetu wa Buhongwa alipogoma kula, hadi mama mkwe akaja na kigoda chake

Wakuu, salamu kwenu, na shikamoo kwa wote mlionitangulia kuliona jua.

Nimesoma uzi wa juzi wa yule kijana wa Dar aliyenunua nyoka, halafu nyoka hataki kula. Wachangiaji wengi mkaishia kumcheka, na mmoja akamwambia aende kanisani. Nilitaka nimjibu mle mle, ila nikaona maelezo yangu ni marefu. Haya ninayoandika yametokea kwangu, na shahidi yuko hapa sebuleni anaangalia mpira.

Kwanza mnijue. Mimi ni Mhaya, binti wa Kilutheri, mwalimu mstaafu. Najua mtasema nshomile, Mhaya wa kujidai msomi, keshaanza, sasa hivi atataja shule aliyosoma. Sitaitaja.

Miaka ya tisini, nikiwa nafundisha shule ya msingi huku Mwanza, niliolewa na Msukuma wa Kisesa, karibu kabisa na Bujora. Humu tumwite Shija. Alikuwa fundi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Nilichokuwa sijaambiwa ni kwamba baba yake alikuwa manju, yaani kiongozi wa kundi la ngoma, na kundi lenyewe lilicheza na chatu.

Niliambiwa mahari ikiwa imeshapokelewa na ng'ombe wameshakunywa maji ya kwetu.

Kwa wasiojua, ngoma za Wasukuma baada ya mavuno ni mashindano. Makundi mawili yanacheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, kila moja upande wake. Hakuna jaji wala pointi, watazamaji wanaamua kwa miguu yao. Ukipwaya tu, unaona watu wako wanahamia kwa mwenzako.

Sasa baba mkwe akafariki, na chatu wake naye, alikuwa mzee, akafa msimu ule ule. Shija akarithi kundi. Mwaka uliofuata wakacheza bila nyoka, na uwanja wote ukahama. Nilikuwepo. Nilimwona mume wangu akiimba huku anatazama migongo ya watu.

Haijapoa hiyo, kiwanda kikauzwa. Wa umri wangu mnakumbuka zile zama za ubinafsishaji. Mnaitwa bwaloni, majina yanasomwa, unarudi nyumbani na ovaroli yako mkononi. Jina la Shija lilisomwa.

Tulikuwa tumejenga Buhongwa, vyumba viwili na stoo. Akawa anashinda uani anachonga vijiti ambavyo havikuwa na kazi. Nikirudi shuleni namkuta palepale. Kilichokuwa kinamwinua ni kundi tu, akasema mwaka ule lazima wapate chatu.

Wakampata Ukerewe, shamba la ndugu yao nje ya Nansio, alikuwa anamaliza kuku wa watu. Chatu kijana, mnene kama mkono wangu wa wakati ule, wa sasa hivi msiuhesabu. Wakamtia kwenye gunia, gunia wakalitia kwenye kiroba cha mitumba, wakapanda naye meli hadi Mwanza. Abiria mmoja akamwomba Shija akiegemee kile kiroba kidogo, maana kilionekana laini. Shija akamwambia ni vyombo vya udongo.

(Naona mdau kauliza hapo chini kama ni halali. Mkuu, zama zile hatukuuliza. Siku hizi kuna sheria za wanyamapori, nenda kaulize kwa wahusika kabla hujagusa kitu.)

Chatu akawekwa stoo, wakampa jina la Mgeni. Hapo ndipo kasheshe ilipoanza.

Wazee wa kundi lile walikuwa na imani yao. Nyoka mpya anafikia nyumbani kwa manju, na manju ndiye anayemlisha. Akila, basi manju amekubaliwa, yeye na nyumba yake. Akikataa chakula mpaka ngoma zinaanza, nyoka anarudishwa alikotoka na kundi linatafuta manju mwingine. Msemaji wao alikuwa Mzee Kulwa, rafiki wa marehemu baba mkwe, mtu mpole ila akishasema amesema.

Mgeni akakataa.

Akaletewa kifaranga, akaficha kichwa ndani ya mwili wake. Akaletewa kuku mkubwa kidogo, hivyo hivyo. Yule kuku alilala usiku mzima juu ya mgongo wa chatu, asubuhi akatoka anadonoa. Alikuja kuwa mtetea wangu bora kuliko wote, sikumchinja mpaka alipojifia.

Wiki zikaenda. Wazee wakaanza kuguna. Shija akaanza kupungua mwili yeye badala ya nyoka.

Niseme ukweli, nyoka nilikuwa namwogopa mpaka kupita mlango wa stoo ilikuwa kazi. Ila nikimtazama Shija nilikuwa napata hasira. Kazi ilikuwa imemkataa. Sikuwa tayari kuona nyoka naye anamkataa mume wangu ndani ya nyumba yangu. Nikasema huyu atakula, na atakula kwangu.

Sasa sikilizeni mambo yalivyokuwa nyumbani.

Mgeni wa kundi ni lazima asalimiwe. Kila mwanakundi anakuja, anamwinua, anamweka shingoni ajue harufu yake, halafu anamgongea ngoma kidogo azoee mdundo. Asiyekuja anaonekana hana moyo na kundi. Wakitoka wao, wanaingia majirani. Jumapili wanakuja watu wa Kisesa. Mimi nachemsha chai, wao wanapokezana nyoka stoo. Na akizidi kugoma, ndivyo wanavyozidi kuja kumpa pole.

Hakuna aliyeona kosa, mimi mwenyewe nikiwemo. Mgeni njoo mwenyeji apone, si ndivyo tulivyofundishwa?

Siku moja kulikuwa na msiba mtaa wa pili, watu wote wakaenda. Nimerudi shuleni, nyumba kimya. Nikachungulia stoo kupitia ufa wa mlango. Wakuu, kile kiumbe kilikuwa kimejinyoosha chote. Kichwa juu, ulimi unatoka na kuingia, anapita taratibu ukutani kama mtu anayekagua nyumba ya kupanga. Akafika kwenye karai, akanywa maji. Sijawahi kumwona vile.

Mara sauti za watu zikasikika barabarani wanarudi msibani. Akajikunja pale pale na kichwa kikapotea.

Nikaondoka mlangoni nikakaa jikoni, nikakumbuka kitu.

Nilipopelekwa Kisesa kama bibi harusi, nililetewa michembe na maziwa mgando. Mimi mtoto wa ndizi, vile viazi vikavu sikuwahi kuviona. Lakini ningekula, njaa ilikuwepo. Tatizo chumba kilijaa. Mashangazi, mawifi, watoto dirishani, wote wanasubiri kuona Mhaya anavyotafuna. Nikashindwa kumeza. Kesho yake hivyo hivyo. Maneno yakaanza kutembea, nshomile anadharau chakula chetu, huyu ametukataa.

Siku ile aliyeniokoa ni mama mkwe. Aliingia, akawatoa wote bila kueleza, akaweka sahani na kufunga mlango. Nikala mpaka nikalamba kidole.

Kesho yake nikapanda gari kwenda Kisesa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mgeni wenu amekula?"

"Hajala. Mama, yule chatu wa kwanza wa baba, alipoletwa aligoma?"

Akafikiri. "Hakugoma. Alikula upesi."

"Na watu walikuwa wanakuja kumsalimia?"

"Watu gani? Baba yenu alikuwa hajulikani bado, hana kundi wala jina. Nani angekuja kuangalia nyoka wa kijana maskini?"

Akanitazama. Nadhani tulifika pale pamoja, kwa sababu alianza kutafuta khanga yake ya kusafiria kabla sijasema lingine. Akabeba na kigoda chake cha miguu mitatu.

Tulipofika Buhongwa tukafanya kazi. Mtungi mkubwa wa pombe tukaulaza ubavu, tukauegesha kwenye ukuta unaopakana na jiko ili apate joto, tukatia nyasi kavu. Dirisha nikaliziba na blanketi la mtumba. Karai la maji safi. Shija akamwinua Mgeni mara moja tu, akamwacha karibu na mdomo wa mtungi. Aliingia mwenyewe, bila kusukumwa.

Mama akafunga mlango, akaweka kigoda mbele yake, akakaa na ungo wake wa karanga.

Jioni Mzee Kulwa akaja na wenzake.

"Shemeji, mgeni wetu hajambo?"

"Hajambo. Amepumzika."

"Tumekuja kumsalimia."

"Salamu zimefika."

Mzee akacheka, akadhani utani. Alipoona kigoda hakisogei akakaza uso. "Shemeji, mgeni haachwi peke yake. Huko ni kumtenga."

Mama akaendelea kubangua karanga. "Huyu mkamwana wenu mlimjazia chumba akashindwa kumeza. Mkasema ametukataa. Leo ni nani anawapikia chai?"

Nikawaletea chai, wakanywa uani wakaenda zao. Lakini Mzee Kulwa aliniambia langoni, kwa upole wake ule ule, kwamba ngoma hazisubiri mtu, na nikikosea mume atakayeumia ni wangu.

Nilijua. Ila mlango haukufunguliwa.

Aliyenisumbua kuliko wazee ni Shija mwenyewe. Kila asubuhi anataka aingie. Ananiuliza, "Asiponizoea je?" Nikamwambia, "Akiishi atakuzoea." Kubadilisha maji nilikuwa naingia mimi, niliyekuwa namwogopa, kwa sababu nilijua sitashawishika kumshika. Naingia kimya, natoka kimya.

Baadaye nikaona ngozi imefifia na macho yameingia ukungu mweupe. Nikadhani anakufa. Mama akasema anajivua, usimpe chakula na usimguse. Akajivua kweli, nikakuta ngozi nzima imekwama kwenye mdomo wa mtungi.

Ndipo tukamtegea panya kwenye ghala la mahindi. Aliponaswa na kufa, nikamweka mbele ya mtungi angali na joto, nikafunga mlango, nikaenda kufundisha hesabu ambazo sikumbuki hata moja.

Niliporudi panya hayupo. Na katikati ya chatu kuna nundu.

Nilikaa chini pale pale kwenye sakafu nikalia, hatua mbili kutoka kwa nyoka.

Shija alipopata habari alitaka ambebe siku ile ile ampeleke kwa Mzee Kulwa wamwone. Mama alikuwa ameshaniambia, nyoka aliyekula akibebwa anatapika, na akitapika tunarudi mwanzo. Nikasimama mlangoni nikamwambia mume wangu hapana, mbele ya mama yake na wajumbe wa kundi aliokuja nao. Kwa Wasukuma wa wakati ule hilo si jambo dogo. Alinikazia macho. Mimi nikamkazia. Mama akasogeza kigoda chake, akakiweka karibu yangu.

Shija akatuelewa.

Mgeni alikula mara ya pili, na mara ya tatu akala kuku. Ndipo nikamwita Mzee Kulwa, peke yake, achungulie kwenye ufa kama nilivyochungulia mimi. Alitazama kwa muda. Alipoinuka akampa Shija mkono na kumwita manju, kwa mara ya kwanza tangu baba yake azikwe.

Mdundo wa ngoma tulimzoesha polepole, ngoma moja, mbali, uani. Mpaka mavuno alikuwa anatulia mabegani mwa Shija.

Sitadanganya kwamba uwanja wote ulihamia kwetu. Tuligawana na wenzetu nusu kwa nusu. Ila Shija safari hii aliimba akitazama nyuso. Nilisimama upande na chupa yangu ya chai, Mhaya peke yangu katikati ya vumbi lile, nikajisikia nimeolewa kweli.

Kwa kijana wa Dar basi. Mdogo wangu, acha kumpiga picha. Acha kuita washikaji. Mpe pa kujificha, joto, maji na giza. Funga mlango, vumilia. Usione amekukataa, hajapata nafasi ya kukukubali.

Nimalizie na la mwaka jana. Kijana wangu alileta mke kutoka Mbeya. Tukampikia, meza ikajaa, ukoo ukajaa. Binti anageuza chakula tu. Nikasikia wifi yangu mmoja ananong'ona jikoni kwamba huyu anatudharau.

Nikachukua sahani yake, nikampeleka chumbani, nikafunga mlango. Mama mkwe alishatangulia mbele za haki, lakini kigoda chake kipo. Nikakileta, nikakaa.

Wifi akaja. "Mgeni wetu hajambo?"

"Salamu zimefika," nikamwambia.

Akanitazama, akaangalia kigoda, akakumbuka. Akakaa na yeye chini, pembeni yangu. Baada ya muda tukasikia kijiko kinakwangua sahani.

Haya, wenye nyoka na wenye wakwe, uwanja ni wenu. Nani kati yenu aliwahi kuambiwa amekataa chakula, kumbe alikuwa anatazamwa tu?